Barabara ya Nansio kwenye Mashine ya Faisal

Jumanne, 1 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Nimechana kurasa tatu za mwanzo, zenye michoro ya miamba, na kuanza hapa. Sababu ni kwamba jana, kabla ya kulala, nilijaribu kukumbuka kila neno nililolisema tangu asubuhi, na yote yakatosha kwenye mstari mmoja. Shikamoo. Nipo. Nimeshiba. Ahsante. Naomba kupita.

Naitwa Bushra, nipo kidato cha tatu. Nilitoka Nansio, kisiwani, mwezi wa saba kuja kusoma hapa Mwanza, na ninakaa Kiseke kwa Mama Mkubwa, dada yake mama. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni. Mume wake alishafariki. Watoto wake ni wawili: Jumbe, ambaye yuko Muscat anafanya kazi kwenye ghala, na Faisal, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye yupo hapa na hupakia mizigo kwenye malori anapoitwa. Wananitendea vizuri wote. Ndiyo maana ni vigumu kulalamika.

Mvua bado.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kila Ijumaa saa kumi jioni Faisal anawasha mashine ya gemu aliyoletewa na kaka yake na kuiunganisha na intaneti ya simu yake. Sauti ya Jumbe inatokea kwenye televisheni. Wanacheza gemu la malori. Hakuna kupigana wala kushindana. Kila mmoja ana lori lake, wanapakia mbao au maziwa na kuvuka nchi za theluji ambazo hakuna kati yao aliyewahi kufika, mmoja mbele, mwingine nyuma. Na wanaongea.

"Oya dogo, punguza, kuna kona."

"Nimeiona. We angalia tela lako."

"Mama anakunywa dawa?"

"Akikumbushwa."

"Mkumbushe basi, au mdomo unaulipia?"

Jumbe akipiga simu ya kawaida, Jumapili, Faisal anasema "Salama, salama, ngoja nikupe mama," na kuisukuma simu kana kwamba inaunguza. Lakini akiwa ameshika pedi ya kuchezea, macho kwenye barabara, anaweza kuongea saa nzima. Mimi hukaa nyuma ya cherehani nikipiga pindo za sketi na kusikiliza. Sijui kama wanajua kwamba nasikiliza. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote katika wiki, na si yangu.

Leo ndiyo mara ya kwanza kuinua macho vizuri kwenye kioo cha televisheni. Nililijua lile gemu. Ni letu, mimi na Suzana!

Jumamosi, 5 Oktoba

Baba ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Nansio, na nyuma ya duka kuna kompyuta ya zamani aliyotuachia mimi na rafiki yangu Suzana. Tulikuwa na gemu hilihili la malori. Kwenye kompyuta unaruhusiwa kutengeneza vitu vyako na kuviingiza. Wachezaji wanaviita modi. Watu wameingiza mabasi, matangi ya mafuta, hata miji. Sisi tulitengeneza barabara ya Nansio, tangu kwenye kivuko mpaka njia panda ya Bukindo. Ilituchukua mwaka mzima. Lipo duka la baba na bango lake lenye herufi iliyofutika. Upo msikiti, lipo kanisa, yapo mawe makubwa ya ufukweni. Suzana alichora mbuzi aliyelala katikati ya barabara, akakataa kumwondoa. Lori lazima lisimame lingoje mbuzi ainuke. Nilimwambia inachosha. Akasema, "Basi si Nansio."

Yote yamo kwenye flashi, na flashi ninayo kwenye kibweta cha kalamu. Nilikuja nayo bila kujua ya nini.

Jumapili, 6 Oktoba

Faisal alipotoka nilichomeka flashi kwenye mashine yake. Ikaiona. Ikaniuliza kama nataka kutazama picha au kusikiliza nyimbo. Barabara haikuiona kabisa.

"Profesa, unafanya nini hapo?" Faisal alikuwa mlangoni. Ananiita Profesa kwa sababu mimi ndiye ninayesoma Kiingereza cha nyumba hii: karatasi za dawa za Mama Mkubwa, maelekezo ya jiko la gesi, kila kitu.

"Nafuta vumbi."

"Na hilo nalo lina masomo?"

Jumatano, 9 Oktoba

Nilihitaji siku tatu kupata ujasiri wa kumwuliza Mwalimu Luhende, anayefundisha kompyuta. Niliandika swali kwenye karatasi ili nisije nikalisahau mbele yake. Kwa nini gemu lilelile linaruhusu modi kwenye kompyuta na kuzikataa kwenye mashine ya gemu?

Aliisoma karatasi, akanitazama, akavuta kiti. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza kitu nje ya mtihani.

"Kompyuta ni uwanja wa wazi," alisema. "Mwenye nayo anaweka anachotaka, ikiharibika ni shauri lake. Ile mashine nyingine imetengenezwa kwa kazi moja, na zote zinafanana, za Kiseke na za Ulaya. Kampuni inaahidi kwamba gemu likitembea kwenye moja, litatembea kwenye zote. Sasa wewe ukiingiza mji wako mzito, kumbukumbu ikajaa, ikaganda, mnunuzi atamlaumu nani? Hatakulaumu wewe Bushra. Kwa hiyo kila kinachoingia lazima wakikague wao, wakipige muhuri wao. Kisicho na muhuri hakifunguki."

"Kwa hiyo ni usalama tu?"

"Tu? Hapana." Alicheka. "Muhuri huohuo unalinda duka lao. Mashine ikikubali kila kitu, itakubali na gemu za kunakili, na hawatauza. Yapo magemu machache yanayoruhusu modi humo, lakini ni kupitia dirisha la kampuni yenyewe, zimekaguliwa, na nyingi hazitakiwi kubeba picha wala sauti kutoka nje. Hilo la malori sidhani kama limo."

"Basi aliyeinunua amenunua nini, mwalimu?"

"Swali zuri. Kalale nalo."

Nakwenda kulala nalo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wamegombana. Faisal alisema katikati ya daraja, kama jambo dogo, "Nitafutie kazi huko na mimi."

"Baki na mama."

"Wewe ulibaki?"

Lori la Jumbe likasimama. Taa zake zilikuwa zinawaka na theluji ilikuwa inaanguka juu yake. Kisha yakatokea maandishi kwamba ameondoka kwenye mchezo. Mama Mkubwa hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani, lakini mguu wake ulikuwa umesimama.

Mama Mkubwa amezaliwa Nansio. Jumbe na Faisal walikuwa wakipelekwa kule kila likizo walipokuwa wadogo, na wamewahi kugombania baiskeli moja kwenye barabara ileile niliyoitengeneza. Nimewaza jambo. Kama wangeendesha pale badala ya kwenye theluji, wangekuwa na la kuongea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika haya kama yalivyokuwa.

Faisal amekwenda Misungwi kupakia mpunga, atarudi Alhamisi. Mama Mkubwa alikwenda msibani. Niliitia mashine kwenye begi la shule, nikaifunika na sweta, nikaenda mjini kwa fundi mmoja, Shigela, ambaye wasichana wa darasani wanasema anafungua kila kitu kilichofungwa. Nilimpa nauli yangu ya kwenda nyumbani Desemba.

"Ya nani hii?"

"Ya nyumbani."

"Mnacheza mtandaoni?"

"Mimi sichezi."

"Sijakuuliza wewe." Alikuwa na bisibisi mdomoni, akaitoa. "Sikiliza, binti. Nikishaifungua itakubali chochote. Lakini msije mkaiunganisha na intaneti hata siku moja. Wakiiona tu wanaifungia. Hawafungii gemu, wanafungia mashine yenyewe. Moja kwa moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilielewa. Nataka hilo liandikwe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mapumziko ya kitaifa. Mama Mkubwa alilala mchana, nikachomeka flashi.

Ilifunguka. Barabara ilitokea, ya kijivu, haina rangi yoyote. Nyumba hazikuwepo. Ziwa halikuwepo. Pale penye duka la baba palikuwa na shimo jeusi la umbo la duka. Niliendesha lori polepole kama mtu anayetembea nyumbani kwake umeme ukiwa umekatika. Kisha nikamwona mbuzi wa Suzana. Alikuwa amelala hewani, kimo cha mtu juu ya barabara, mwenye rangi zake zote. Nilisimama nikamngoja ainuke. Hapo mashine ikaganda.

Nilijaribu tena mara sita. Haikufika hata kwenye mbuzi.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni. Nimesema kwamba macho yangu ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jirani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Faisal amerudi na kiroba cha viazi vitamu. Nilikuwa nimekariri sentensi tangu Jumanne: Kaka, usiiunganishe mashine na intaneti, nitakueleza.

"Kaka," nilisema.

"Naam, Profesa."

"Karibu."

Ijumaa, 18 Oktoba

Shuleni tulifungiwa na mvua darasani mpaka saa kumi na robo. Nilikimbia njia nzima, viatu mkononi. Nilipofika, Faisal alikuwa ameketi mbele ya televisheni na pedi yake, na kwenye kioo kulikuwa na aya mbili za Kiingereza na namba ndefu chini.

"Afadhali umekuja. Soma hiyo."

Nilisoma. Nilielewa kila neno mara ya kwanza. Maji yalikuwa yananitiririka kwenye sakafu ya Mama Mkubwa.

"Wanasema nini?"

"Wanasema mtandao wao una hitilafu. Wanautengeneza."

"Siku ngapi?"

"Hawajasema."

"Hawa nao," alisema, akazima.

Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Sijawahi kumsomea kitu vibaya.

Jumapili, 20 Oktoba

Jumbe alipiga simu. Faisal alisema salama, ngoja nikupe mama. Mama Mkubwa alisikiliza, kisha akasema kwa Faisal, "Mwenzio anauliza mbona Ijumaa hukuingia."

"Mwambie mtandao wao una hitilafu."

Akamwambia. Akasikiliza. "Anasema kwake uko sawa tu."

Faisal aliinuka. "Kama uko sawa, basi ameniondoa. Mwambie nashukuru."

Mama Mkubwa hakumwambia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Maandishi yaleyale. "Bado?" "Bado."

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Suzana ameniandikia kwa simu ya baba, kwenye simu ya Mama Mkubwa, kwamba amepata rafiki mpya wa kukaa naye dawati moja, anaitwa Rebeka, anachekesha. Nimejibu kwamba nimefurahi.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua. Umeme ulikatika saa tisa na nikamshukuru Mungu. Ulirudi saa kumi kasoro dakika tano.

"Bado?"

"Bado."

Faisal alibaki ameshika pedi ingawa hakuna alichokuwa anacheza. Alikuwa anabonyeza vitufe polepole, kimoja kimoja. Nilitaka kusema. Kwa kweli nilifungua mdomo. Mama Mkubwa akasema, "Bushra, sindano imekudondoka," nikainama kuitafuta, na nilipoinuka nafasi ilikuwa imepita. Au nilijiambia kwamba imepita.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwuliza Mwalimu Luhende kwamba, kwa mfano, mtu akiifungua mashine yake na kuiunganisha, kwa nini waifungie yote? Kwa nini wasifute tu kile alichoingiza?

"Kwa mfano," alirudia mwalimu. Nadhani hakuamini kwamba ni mfano. "Chukulia watu elfu mia wako kwenye barabara moja. Hawajuani. Kitu pekee wanachojua ni kwamba lori la mwenzako ni kama lako, halipiti ukutani, halina mafuta yasiyoisha. Mmoja akija na lori alilolifungua, hata kama hana nia mbaya, kampuni haiwezi kuiona nia yake. Inachoona ni kufuli lililovunjwa. Ikimwacha, wengine hawatamwamini yeyote."

"Lakini kama alitaka kuongeza kitu kizuri?"

"Ndiyo hasara yake. Kufuli linalomzuia mwizi linamzuia na mgeni aliyeleta zawadi." Akafikiri. "Wangeweza kutengeneza mlango wa wageni. Wengine wametengeneza, wengi hawataki gharama ya kumweka mtu mlangoni. Hapo mimi nawalaumu. Lakini kuvunja dirisha la nyumba ya mtu si sawa na kudai mlango."

Nilitembea nyumbani nikifikiria nyumba ya mtu. Yeye alikuwa anazungumzia kampuni. Mimi sikuvunja dirisha la kampuni. Kampuni haijui kama nipo. Kitu nilichokifungua bila ruhusa kilikuwa cha Faisal, na waliokuwa wanaaminiana kwenye barabara ile walikuwa watu wawili tu.

Ijumaa, 8 Novemba

"Bado?"

"Bado."

"Basi," alisema Faisal. Aliizungushia mashine waya zake vizuri, kama mtu anayekunja nguo. "Naiuza. Jumatano kuna jamaa anakuja kuichukua. Na mimi Alhamisi naenda Geita, machimboni, kwa akina Obedi."

Cherehani ilinyamaza. "Machimboni," alisema Mama Mkubwa.

"Wenzangu wapo."

"Umemwambia kaka yako?"

"Kaka yangu amenizimia taa, mama. Nimwambie kupitia wapi?"

"Simu ipo."

"Simu." Alitoka nje kwenye mvua bila kofia.

Mama Mkubwa alinigeukia. "Wewe ni mdogo kwao, lakini una akili. Kimewapata nini hawa watoto?"

Nilisema sijui. Hilo nalo liandikwe.

Jumanne, 12 Novemba

Usiku wa jana sikulala, na asubuhi sikula. Mdomo wangu haufanyi kazi, hilo nimelikubali. Lakini mkono unafanya. Nilikuwa nimeinakili namba na maneno yote ya kwenye kioo tangu siku ya kwanza, nyuma ya daftari la Baiolojia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu anayesema uongo anataka ukweli uwe umewekwa mahali.

Wakati wa mapumziko ya saa nne nilikaa maktaba na kamusi, nikatafsiri. Nilifuta mara nyingi. Nilitaka iwe tafsiri nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa sababu ilikuwa inachelewa wiki tatu na siku nne. Nilipotoka shule nilienda moja kwa moja kwenye televisheni na kuibandika karatasi kwenye kioo kwa selotepu ya Mama Mkubwa. Iliandikwa hivi:

"Mashine hii imefungiwa. Haitaweza tena kuingia kwenye mtandao wetu. Tumebaini kwamba imebadilishwa kinyume na masharti uliyoyakubali ulipoiwasha mara ya kwanza. Hatua hii imechukuliwa kulinda usalama na haki ya wachezaji wote. Uamuzi huu ni wa kudumu.

Kaka Faisal, haya ndiyo maneno yaliyokuwa yameandikwa tangu tarehe 18 Oktoba. Hayakusema hitilafu. Aliyeipeleka mashine kwa fundi ni mimi, ulipokuwa Misungwi. Kaka Jumbe hajakuondoa. Bushra."

Kisha nikakaa kwenye kiti cha mbele, si kile cha nyuma ya cherehani, nikangoja. Miguu ilitaka kuondoka. Niliishika magoti.

Faisal aliingia na mwavuli, akausimamisha mlangoni, akaona karatasi. Anasoma polepole. Nilimwona akifika mwisho na kurudi juu.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Nilikuuliza 'bado?' ukasema 'bado.'"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Na ile ya kwanza ya hitilafu."

Nilidhani atapiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi. Aliketi kwenye kochi na mkono wake kwenye paji la uso, kama mtu anayejikinga na jua.

"Ulitaka nini kwenye mashine yangu, Bushra?" Hakusema Profesa.

"Nilitaka mwende Nansio."

"Nani?"

"Wewe na Kaka Jumbe. Na malori. Nilitengeneza barabara, mimi na Suzana. Lipo duka la baba. Yupo na mbuzi." Niliendelea, sijawahi kusema maneno mengi hivyo katika nyumba hii. Nilisema yote, mpaka yale ya Shigela kunionya na mimi kuelewa.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Hakunisemesha. Alichukua simu yake, akapiga Muscat. Haikupokelewa. Akaiweka juu ya cherehani, tukakaa watatu, mvua juu ya bati, mpaka saa kumi na mbili, simu ilipoita.

"Mpokee kaka yako," alisema.

Faisal aliichukua. "Salama," alisema. "Salama. Ngoja nikupe..."

"Hunipi." Mama Mkubwa alimnyang'anya simu, akaifungulia spika, akairudisha juu ya cherehani. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alibeba mashati ya shule yaliyokuwa hayajawekwa vifungo, arobaini, akammwagia Faisal mapajani. Akampa kopo la vifungo, uzi mweupe na sindano.

"Mikono yako ikikaa bure mdomo nao unalala. Nakujua, nimekuzaa. Shona, na uongee."

Faisal anajua kushona, wote wawili wanajua, ndiyo nyumba waliyokulia. Alitia uzi. Akashona kifungo cha kwanza. Kwenye cha pili, macho yakiwa kwenye shati, alisema, "Mashine imefungiwa. Si mimi niliyeacha kuingia."

Sauti ya Jumbe ilitoka juu ya cherehani. "Kwa hiyo hukuninunia?"

"Wewe ndiye uliyeninunia."

"Mimi? Dogo, mimi kila Ijumaa naingia. Naegesha pale kwenye maegesho ya kwanza, nje ya mji, nawasha taa, nakungoja. Saa nzima. Nikasema huyu ameamua."

Sindano ilisimama. Kisha ikaendelea.

Nilitoka nikaenda kukaa barazani. Hiyo haikuwa tena saa ya mimi kuisikiliza.

Jumatano, 13 Novemba

Mnunuzi alikuja. Faisal alimwambia mashine ni mbovu. Ni kweli.

Kuhusu Geita alisema mashati ya watu hayajaisha. Mama Mkubwa aligeukia ukutani, nadhani alikuwa anatabasamu.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa kumi, simu juu ya cherehani, mashati mapajani. Waliongea kuhusu Geita na wakapandishiana sauti, na hakuna aliyeondoka. Mimi nilikuwa barazani na vitabu. Mtihani wa mwaka unaanza Jumatatu.

Jumanne, 19 Novemba

Leo Mama Mkubwa ameletewa dawa mpya yenye karatasi ya Kiingereza. Faisal aliichukua, akapita mbele yangu nikiwa nimekaa mlangoni, akaenda nayo kwa dada Precious, jirani wa nyumba ya tatu, amsomee yeye.

Hakufanya kwa hasira. Alinipisha hata mlango. Lakini naona afadhali angenitukana.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilimwandikia Suzana yote. Alijibu neno moja tu kwanza: "Mbuzi alikuwepo?"

"Alikuwepo. Hewani."

"Angalau yeye alifika," ameandika. Halafu ameuliza kama nitakwenda Desemba. Nimemwambia nauli imekwisha na nimemwambia imekwenda wapi. Baba naye nimemwandikia. Kutosema uongo kunachosha sana mwanzoni.

Ijumaa, 29 Novemba

Mtihani umekwisha. Mvua kubwa, maji yameingia mpaka kizingitini. Faisal na mimi tuliinua vitambaa vyote juu ya meza. Alisema, "Shika huko." Nikashika. Hayo tu.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Darasani waliagana kwa makelele, nami nikaaga watu wawili, ambao ni wengi kuliko muhula uliopita.

Saa kumi nilikuwa nachukua vitabu vyangu kwenda barazani wakati Jumbe aliposema kwenye simu, "Dogo, nimekutumia kitu. Niliwaandikia wale wa kampuni kuomba watufungulie. Wamejibu leo."

"Wanasemaje?"

"Kirefu. Mpe Bushra asome."

Nilisimama pale nilipokuwa. Jumbe anajua Kiingereza vizuri, anafanya kazi nacho kila siku. Angeweza kusema mwenyewe kwa maneno mawili.

Faisal alimaliza kifungo alichokuwa nacho. Akafuta mkono kwenye suruali, akaifungua barua kwenye simu yake, akaninyooshea bila kuniangalia.

"Soma. Yote."

Nikakaa kwenye kiti cha mbele. Nilisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, moja moja. Wanashukuru kwa kuandikiwa. Wanaelewa kwamba mashine ilitumiwa na ndugu kuwasiliana, na wanasikitika. Modi zinazotengenezwa na wachezaji wa kompyuta hazikaguliwi na wao, hazikupimwa kwa uwezo wa mashine hizi, na hawawezi kujua ni ipi yenye madhara na ipi isiyo nayo. Kwa hiyo wanachoangalia ni kama mashine imeguswa au haijaguswa. Imeguswa. Hapa kuna habari mbaya, nilisema, na nikaisoma: ombi limekataliwa.

Niliona bado kuna mistari mitatu. Katika mstari wa pili kulikuwa na neno refu. Nililikisia. Siku zote nimekuwa nikikisia maneno kama hayo kwa haraka na hakuna aliyewahi kujua.

"Neno hili silijui," nilisema.

Faisal aliniangalia, mara ya kwanza tangu ile karatasi. "Si una kamusi?"

"Ninayo."

"Kalitafute. Tunangoja."

Nilikwenda chumbani nikaleta kamusi. Nilipita herufi yenyewe mara mbili. Walinisubiri kweli, Faisal na shati lake, Mama Mkubwa na mguu wake kwenye kanyagio la cherehani, na Jumbe kule Muscat, ambaye alikuwa analijua lile neno tangu asubuhi.

Nililipata. Lina maana ya jambo ambalo likishafanyika haliwezi kurudishwa nyuma. Nililisoma hivyohivyo, sikulipunguza.

Faisal alikata uzi kwa meno, akachagua kifungo kingine kwenye kopo.

"Haya, Profesa," alisema. "Endelea."